Je, wajua kwa nini mashine pepe hukwama huku chati ikionyesha prosesa ina nafasi?

Tuseme ofisi ya chama cha akiba na mikopo jijini Mbeya ina seva moja yenye viini 16 vya prosesa. Ndani yake kuna mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta za kiprogramu zinazotumia seva hiyo kwa pamoja: ya mahesabu, ya mafaili, ya barua pepe, na ile ya majaribio ambayo hakuna anayekumbuka nani aliiwasha. Mwisho wa mwezi mhasibu anabonyeza ripoti, skrini inaganda. Fundi anafungua chati, anakuta prosesa iko 30%, anasema programu ndiyo mbovu. Mhasibu naye anasema seva imechoka. Chati hiyohiyo ingewaamua, ila si kwa mstari wanaoutazama.

Mstari wa matumizi hueleza mashine imetumia kiasi gani. Hauelezi ilitaka kiasi gani. Mashine pepe haina prosesa yake. Hupewa zamu na haipavaiza, programu inayogawa seva moja kwa mashine nyingi. Zamu ikichelewa, kazi iko tayari lakini haiendi, na muda huo hauhesabiwi kwenye matumizi. Ni kama mashine ya kusaga pale Uyole msimu wa mavuno: ukihesabu unga uliotoka tu, hutajua madebe mangapi bado yako kwenye foleni.

Foleni hiyo ina kipimo chake. Kwenye VMware, moja ya haipavaiza hizo, kinaandikwa Ready. Ndani ya mashine pepe ya Linux, haipavaiza ikiwa inatoa taarifa hiyo, amri ya top huonyesha kitu cha jamii hiyo kwenye safu ya st, yaani muda ambao mashine ilitaka prosesa lakini haipavaiza ilikuwa inahudumia wengine.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Chati za vSphere, mfumo wa VMware wa kusimamia seva, hutoa Ready kwa milisekunde, si kwa asilimia, na maana ya namba inategemea urefu wa kipindi cha kila nukta. Chati ya papo kwa papo hupima kila sekunde 20, yaani milisekunde 20,000. Ukiona 2,000, gawanya: ni 10%. Ukiona 2,000 hiyohiyo kwenye chati ya siku, ambako kila nukta ni dakika 5, sawa na milisekunde 300,000, haifiki hata 1%. Kisha angalia idadi ya prosesa pepe, yaani prosesa ambazo mashine pepe imepangiwa. Namba ya mashine nzima ni jumla ya zote, kwa hiyo 10% kwenye mashine yenye prosesa pepe 4 ni 2.5% kwa kila moja. Mafundi wengi huanza kushtuka ikipita 5% kwa kila prosesa pepe. Mimi naona hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia, ingawa malalamiko ya mhasibu yana uzito kuliko kizingiti chochote.

Wastani nao huficha mengi. Chati ya wiki huweka nukta moja kwa kila dakika 30. Ripoti ikikaba prosesa kwa 100% dakika 5, kisha zikafuata dakika 25 za 10%, utaonyeshwa 25%, na utaamini ofisi ilikuwa inasinzia. Vilevile 25% kwenye mashine ya prosesa pepe 4 huenda ni moja inayohema kwa 100% na tatu zimekaa tu, kwa sababu programu haijui kugawa kazi. Fungua chati ya kila prosesa pepe peke yake.

Basi tumwongezee mhasibu prosesa pepe? Usikimbilie huko. Prosesa pepe za mashine moja hazitakiwi kuachana sana. Moja ikitangulia mno, husimamishwa hadi wenzake wafike. Muda huo huonekana kwenye Co-stop. Kwenye seva iliyojaa, kupanda kutoka 4 hadi 8 kunaweza kuichelewesha mashine zaidi.

Ready ikiwa juu wakati seva yenyewe ina nafasi, kagua kama kuna mtu aliiwekea mashine ukomo wa prosesa akausahau. Kusubiri kwa sababu ya ukomo nako huingia kwenye Ready. Ikiwa seva ndiyo imejaa, zima ile mashine ya majaribio, punguza prosesa pepe kwa zile zisizozitumia, kisha mwombe mhasibu aendeshe ripoti tena huku chati ya papo kwa papo iko wazi. Ready na Co-stop zikiwa chini na ripoti bado inaganda, acha prosesa, hamia kwenye diski.