3+2, 10+0, 15+10: mgao wa muda kwenye chesi ya mtandaoni

Ukifungua Lichess au Chess.com, tovuti za kuchezea chesi, kabla hujagusa kete hata moja utatakiwa kuchagua namba: 1+0, 3+2, 10+0, 15+10. Huo ndio mgao wa muda. Namba ya kwanza ni dakika anazopewa kila mchezaji kwa mchezo mzima. Ya pili ni sekunde anazoongezewa kila akishacheza zamu yake. Saa yako hutembea zamu ikiwa kwako tu, na ikifika sifuri umeshindwa, hata kama una malkia na mwenzako kabakiwa na kitunda kimoja, kete dhaifu kuliko zote. Akiwa na mfalme peke yake, ni sare.

Wengi wanaoanza hukimbilia 3+0 kwa sababu inaisha haraka. Tupige hesabu. Mchezo ukifika zamu 40, dakika 3 zinakupa sekunde 4 na nusu kwa kila zamu. 10+0 inakupa sekunde 15. 15+10 inakupa zaidi ya sekunde 32. Sasa jiulize mgeni wa chesi anahitaji kuangalia nini kila zamu: mwenzangu ametishia nini, kete yangu ipi haina mlinzi, na hii ninayotaka kuisogeza ikifika kule italiwa? Kwa sekunde nne huwezi kumaliza hata swali la kwanza. Vijana waliokulia kwenye drafti za vijiweni pale Mwanjelwa, Mbeya, huja na mkono mwepesi wa kugonga kete, na ndio hasa wanaopoteza malkia mapema.

Ushauri wangu ni 15+10. Ukibanwa sana, 10+5. Hizo sekunde za nyongeza ndizo watu wanazozidharau, wakati zina kazi kubwa mwishoni. Umebaki na malkia na mfalme, mwenzako ana mfalme tu, saa inasoma sekunde 8. Kwenye 10+0 muda utakwisha unamkimbiza, ushindi unageuka sare. Ukiwa na nyongeza ya sekunde 10, kila zamu unapata pumzi ya kumsogeza taratibu mpaka pembeni. Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, ndiye aliyesajili hataza ya saa ya namna hii Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo mashindano ya dunia ya rapidi, yaani chesi ya haraka, huchezwa kwa 15+10 hiyohiyo.

Ila 15+10 inaweza kula zaidi ya dakika 40 mkijumlisha saa zote mbili. Usiianze ukiwa kwenye daladala ya Uyole, wala bando likiwa linaelekea ukingoni. Mtandao ukikatika saa haikusubiri. Kwa aliyeko milimani kuelekea Rungwe au Makete, ambako mvua ikikaza umeme nao hauna uhakika, kuna mgao mwingine: siku kwa kila zamu. Unacheza asubuhi, mwenzako anajibu jioni au kesho yake. Kwenye mgao huo kuangalia vitabu vya ufunguzi, yaani zamu za mwanzo, kunaruhusiwa; kuuliza kompyuta ikupe jibu hakuruhusiwi.

Majina ya buleti, blitzi na rapidi, kuanzia mgao mfupi kabisa kwenda mrefu, yasikusumbue, kwani hata mipaka yake hailingani: 10+0 mtandaoni huitwa rapidi, lakini kwa kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, bado ni blitzi. La kujua ni kwamba kila kundi lina alama zake za kupima uwezo wako, hivyo ukirukaruka hutajua kama unapanda au unashuka.

Na baada ya kila mchezo tazama saa yako. Kama umefungwa ukiwa na dakika 12 mkononi kati ya 15, kubadili mgao hakutakusaidia. Ulikuwa unacheza blitzi kwenye saa ya rapidi.