Kupanga nyumba Jamaika: anza nyuma, kwenye tangi

Wiki mbili zilizopita nilizunguka Kingston na mke na mume kutoka Nairobi waliokuwa wanatafuta nyumba ya kupanga. Mke amepata mkataba wa kazi wa miaka mitatu. Dalali alitupandisha Red Hills, kwenye nyumba ambayo baraza yake inatazama jiji zima na bandari, tukafika saa ya magharibi, ile taa zinaanza kuwaka kule chini. Dada akamshika mumewe mkono, hakusema kitu. Nikajua moyo umeshahamia.

Mimi nikazunguka nyuma. Tangi lilikuwa jeusi, la galoni 650, limeshinda juani kutwa nzima. Nikaweka kiganja juu karibu na kifuniko nikakishusha polepole. Joto, joto, joto, mpaka shibiri moja hivi kutoka chini ndipo plastiki ikawa baridi. Ubaridi unapoanzia ndipo maji yalipoishia. Nikamuuliza dalali bomba lilitoa maji lini mara ya mwisho. Akasema huku maji hayana shida. Nikamuuliza tena, kwa sababu nilichotaka kujua ni siku.

Mimi ni mhandisi wa maji. Nimekulia Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ambayo watoto tulipokezana kuamka saa kumi usiku kukinga maji, na sasa ni mwaka wa kumi na moja nafanya kazi Jamaika. Kila mara napigiwa simu na Waswahili wanaokuja: wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha West Indies, wauguzi, watu wa mashirika ya kimataifa, maana hata Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari makao yake yako hapa Kingston. Wote wanauliza niishi wapi. Wote nawajibu kwamba kwenye kisiwa hiki unachagua maji kwanza: yanayotoka bombani, yanayoshuka mlimani na yanayopanda kutoka baharini. Nyumba inafuata.

Najua swali lenu la kwanza ni usalama, na ni swali la haki. Ila ndilo lenye majibu mengi kuliko yote. Mwajiri wako atakuambia, dereva wa teksi atakuambia, jirani atakuambia mtaa gani usipite usiku. Wageni wengi wanaishi mitaa hii: New Kingston, Liguanea, Barbican, Manor Park, Mona, Hope Pastures. Kodi huko mara nyingi hutajwa kwa dola za Marekani, na nyumba nyingi ziko ndani ya uzio wa pamoja wenye mlinzi getini. Maji hakuna atakayekuambia, kwa sababu wenyeji wameshazoea kuishi nayo yalivyo na hawaoni tena kama ni jambo la kusimulia.

Kingston imekaa kwenye tambarare ya Liguanea, na nyuma yake imesimama Blue Mountains, milima ambayo kilele chake kinafika mita 2,256. Upepo wa mvua unatoka kaskazini mashariki, unaumwaga mzigo wake upande wa Portland, ukivuka mlima unatufikia sisi ukiwa umekauka. Ndiyo maana Port Antonio, mji wa huko Portland, ni kijani mwaka mzima wakati Kingston, kuanzia Januari, majani ya uwanjani yanageuka rangi ya mkeka. Mvua zetu kubwa ni za Mei, halafu za Septemba mpaka Novemba. Katikati yake jiji linategemea sana mabwawa mawili. La kwanza ni Mona, pale jirani na chuo kikuu, ambalo likijaa linabeba galoni zaidi ya milioni 800. La pili ni Hermitage, lililojengwa miaka ya 1920 kwenye mto Wag Water, na ambalo tope limeshakula sehemu ya nafasi yake. Yakishuka, mgao unaanza: maji yanafungwa usiku, au yanakuja siku kadhaa kwa wiki kwa ratiba, na ratiba yenyewe haishikiki sana.

Sasa hapa ndipo penye siri ya kuchagua mtaa. Maji yakitoka kwenye mtambo wa kusafishia huteremka yenyewe kwa uzito wake. Nyumba iliyo chini ya mtambo inapata maji kwa mteremko. Nyumba iliyo juu, kama zile za Red Hills, Stony Hill na Jacks Hill, inapata maji yaliyosukumwa na pampu, mara nyingine pampu mbili au tatu zinazopokezana mlimani, na kila pampu inataka umeme. Umeme ukikatika chini, wewe wa juu hukosi taa tu. Baada ya kimbunga mitaa ya mteremko hurudi kwanza, ya pampu hurudi mwisho, na hiyo tofauti inaweza kuwa ya wiki kadhaa. Kwa hiyo uliza hivi: maji ya hapa yanakuja kwa mteremko au kwa pampu? Kama dalali hajui, muulize jirani. Lakini msalimie kwanza, tafadhali. Jamaika, kama kwetu, mtu mzima haulizwi kitu kabla hajasalimiwa, na ukimwamkia vizuri bibi wa nyumba ya pili atakupa historia ya bomba la mtaa kwa miaka 30.

Halafu fanya hesabu ya tangi, usione aibu kuifanya mbele ya mwenye nyumba. Galoni 650 za hapa ni kama lita 2,450. Mtu mwangalifu anatumia lita 100 kwa siku kwa kuoga, kupika, kufua na choo. Familia ya watu wanne inamaliza lita 400, kwa hiyo tangi hilo ni siku sita, ukianza likiwa limejaa. Mgao wa kawaida unauvuka. Kimbunga hukivuki. Mimi siwashauri watu wenye watoto wachukue nyumba yenye chini ya matangi mawili ya ukubwa huo, na nikikuta yapo mawili naangalia kama yameunganishwa kweli, au moja limewekwa pale kama pambo.

Na pampu ya nyumbani nayo, hapa naomba mnisikilize vizuri. Umeme wa Jamaika ni volti 110 lakini ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani ni hezi 60. Pampu nyingi zinaletwa na ndugu kutoka Florida, ni za hezi 60, na zikifungwa hapa zinazunguka kwa kasi pungufu, tano kwa sita ya inayotakiwa. Presha inashuka mpaka kama asilimia 70, mota inapata moto, na wewe unayeoga ghorofani unabaki na sabuni kichwani. Soma kile kibao cha chuma kwenye mota, pawe pameandikwa 50, au 50/60. Vifaa mlivyobeba kutoka nyumbani vya volti 240, pasi na birika la umeme, waachieni wadogo zenu.

Maji yanayoshuka mlimani ni habari nyingine. Sisi tunasema maji hufuata mkondo, na Kingston ni jiji lililojengwa juu ya mikondo. Mto Hope ndio uliomwaga changarawe iliyotengeneza sehemu kubwa ya tambarare hii, na siku ukikumbuka njia zake za zamani unazirudia. Mwaka 2008, katika dhoruba ya Gustav, ulilibeba daraja la Harbour View. Novemba 2020 barabara ya Gordon Town ilimeguka ikaanguka bondeni, na watu wa juu wakabaki wamekatika na mji. Kuna Sandy Gully, mfereji mkubwa wa zege unaokata jiji kutoka milimani mpaka ghuba ya Hunts Bay. Miezi mingi ni mkavu, mbuzi wanatembea ndani yake. Ikinyesha kwa saa moja milimani, maji ya kahawia yanajaa ukingo kwa ukingo na mngurumo wake unausikia ukiwa umelala. Nyumba iliyopakana na mfereji kodi yake huwa nafuu, na sasa unajua kwa nini.

Ukienda kuangalia nyumba iliyo sehemu ya chini ya jiji, sogeza friji au kabati. Wenye nyumba wanapaka rangi ukuta unaoonekana, nyuma ya kabati wanapasahau. Mwaka wangu wa pili hapa nilipanga chumba na sebule bila kufanya hivyo. Oktoba maji yaliingia usiku, na nilipovuta kabati ili kuokoa vitabu nikakuta ukutani mistari mitatu ya tope la zamani, mmoja juu ya mwingine, wa juu kabisa unanifika gotini. Mwenye nyumba alikuwa ameniapia kwamba hapajawahi kuingia maji.

Nje ya Kingston, mji ninaoupenda ni Mandeville. Uko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, usiku unajifunika blanketi, na wamejaa Wajamaika waliorudi kustaafu kutoka Uingereza. Tangu kipande cha barabara kuu kutoka May Pen mpaka Williamsfield kifunguliwe mwaka 2023, kutoka Kingston ni kama saa moja na nusu. Mvua ipo ya kutosha. Tatizo ni kwamba ardhi yake ni mawe ya chokaa, na chokaa humeza mvua yote; juu ya uwanda ule hakuna mto. Maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Wazee wa pale walilijua hilo, wakajenga matangi ya zege kando au chini ya nyumba na kuyalisha kwa maji ya paa. Watu wa Pate na Kizingitini, kule Lamu, wakiyaona hawatahitaji maelezo: ni jabia. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, kwa mvua ya alasiri moja ya milimita 40, linakupa karibu lita 4,000. Ukipata nyumba ya zamani Mandeville yenye jabia lisilo na nyufa na gata zilizo safi, ichukue hata kama jikoni ni la kizamani.

Portmore ni tambarare, ina nafuu ya kodi na familia nyingi za wafanyakazi, ng'ambo ya ghuba kutoka Kingston. Sehemu kubwa yake iko mita chache tu juu ya bahari. Ukikaa huko, jua njia yako ya kuondokea bahari ikipanda, na uondoke mapema amri ya kuhama inapotangazwa. Montego Bay ina kazi za utalii na uwanja wa ndege, na watalii hao hao ndio wanaopandisha kodi. Port Antonio ina maji kuliko mahali popote na kazi kidogo kuliko mahali popote. Matunda ya shelisheli utayapata kila upande, na hapo aliyelelewa Unguja au Mombasa hana shida.

Kuhusu upepo, msimu wa vimbunga ni Juni 1 mpaka Novemba 30. Tarehe 28 Oktoba 2025 Melissa iliingia nchi kavu mkoa wa Westmoreland, magharibi ya kisiwa, karibu na New Hope, ikiwa kimbunga cha daraja la 5 chenye upepo wa kilomita 295 hivi kwa saa. Kingston ilinusurika na makali yake. Nilikwenda mkoa jirani wa St. Elizabeth majuma machache baadaye kupima visima, na mji wa Black River sikuutambua. Katika kitongoji kimoja nilihesabu nyumba kumi na nne zisizo na paa na mbili zilizosimama. Ya kwanza ilikuwa na paa la zege. Ya pili ilikuwa ya mabati, lakini paa la miteremko minne, na kila boriti ilikuwa imefungwa ukutani kwa mkanda wa chuma. Fundi wake, mzee wa miaka sabini na kitu, aliniambia alianza kuzifunga hivyo baada ya Gilbert ya 1988 kumchukulia paa lake mwenyewe. Basi panda ngazi, fungua dari, angalia mikanda hiyo kwa macho yako. Paa la pande mbili lenye baraza pana inayoning'inia ni zuri kwenye picha, na ndilo upepo unalolishika kwanza.

Wale wa Nairobi niliwaomba kitu kimoja tu kabla ya kusaini: mkataba uandike ni nani anayelipa boza, gari la kuleta maji, bomba likikauka zaidi ya siku tatu, nani anatengeneza pampu, na kwa muda gani. Mwenye nyumba wa Red Hills alikataa kuandika. Dada alinyamaza kwenye gari njia nzima ya kurudi, na sikumlaumu, ile baraza hata mimi niliipenda.

Siku tatu baadaye tulipata nyumba Hope Pastures. Haioni bahari. Ina matangi mawili yaliyounganishwa, pampu ya hezi 50, paa la zege, na soko la Papine liko karibu. Mama mwenye nyumba alisoma yale masharti akiwa amesimama, akachukua kalamu, akaongeza la kwake: matangi yasafishwe kila mwaka kabla ya Juni. Jumamosi wanahamia. Mimi nitatangulia asubuhi na brashi yenye mpini mrefu na klorini, tuyasugue yale matangi kabla hawajashusha vyombo.