"Hapa tutumie busara"

Kwenye vikao vya halmashauri kuna sentensi moja inayonitia wasiwasi: "Waheshimiwa, hapa tutumie busara." Nimefundisha madiwani na watendaji wa kata kwa miaka mingi, na mara nyingi sentensi hiyo huja pale kanuni inapokaribia kupindishwa na mpindishaji hataki maswali. Kwa hiyo siku ya kwanza darasani sianzi na maana ya busara. Naanza na Tume ya Nyalali.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke Bara na Zanzibar kuwauliza wananchi kama nchi ibaki na chama kimoja au iingie vyama vingi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Kama asilimia 77 walitaka chama kimoja. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 21. Mtaani tunasema "80 kwa 20". Nikishaandika namba hizo ubaoni nauliza: ungekuwa mjumbe wa tume, ungemshauri nini Rais?

"Wengi wape, Mwalimu!" Hujibu hata kabla sijaweka chaki chini.

Tume ilipendekeza vyama vingi.

Hapo darasa huchafuka. Diwani mmoja mzee aliwahi kuniambia hiyo ilikuwa dharau: mnatuuliza, tunajibu, halafu mnafanya yenu. Simlaumu, ukisoma namba peke yake, dharau ndiyo unayoiona. Lakini zaidi ya nusu ya hao waliotaka chama kimoja walitaka pia kibadilike sana. Anayesema "kibaki, ila kirekebishwe hiki na kile" humweki kapu moja na anayesema "kibaki" akanyamaza. Halafu kuna hoja ambayo mimi ndiyo huikalia zaidi: vyama vikiwa vingi, anayekipenda chama chake hafukuzwi humo. Kikiwa kimoja kwa mujibu wa sheria, asiyekitaka hana pa kwenda. Hasara za pande mbili hazilingani, na wingi wa mikono hauwezi kukuonyesha hilo. Mazingira nayo yalisukuma. Zambia jirani, Kaunda alishindwa uchaguzi Oktoba mwaka huohuo, na Mwalimu Nyerere alikuwa amekwishasema hadharani kwamba kuzungumzia vyama vingi si dhambi.

Kinachonifanya niite uamuzi ule busara, nisiuite kiburi, ni kwamba tume haikuficha namba zinazoipinga. Asilimia zile tunazijua kwa sababu yenyewe ilizitoa, pamoja na sababu za kutozifuata. Yule diwani mzee anaweza kuibishia tume leo kwa hesabu za tume yenyewe. Mwenyekiti wa kikao aliyesema tu "tutumie busara" utambishia kwa lipi?

CCM ilikubali Februari 1992, na Julai 1 mwaka huo vyama vingi vikaanza kisheria. Ila tume haikuishia hapo. Iliorodhesha sheria kama 40 ilizoziona kandamizi, ikiwamo ile ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini, ikataka ziondolewe au zirekebishwe. Ikapendekeza pia shirikisho la serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Serikali tatu zilikataliwa. Miaka ishirini na kitu baadaye Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya Katiba mpya, ikaja na pendekezo hilohilo, na mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba likarudisha serikali mbili. Mimi naona tulikosea 1992 kubeba kipande kimoja cha ushauri uliofikiriwa kwa pamoja, maana vyama vingi viliingia nyumba ambayo sheria zake ziliandikwa kwa ajili ya chama kimoja. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami, na mabishano hayo huvuka saa ya kipindi.

Zoezi la jioni ni jepesi. Kila mmoja alete muhtasari wa kikao chake wenye neno "busara", kisha chini ya neno hilo aandike mambo matatu: kwa nini kanuni haikufuatwa, nani alipata, nani alikosa. Mtendaji mmoja alileta wa ugawaji wa vizimba vya soko: "Kikao kilitumia busara." Asubuhi yake nilimkuta bado ameukodolea macho, peni mkononi, chini ya sentensi ile hakuna hata neno. Chai ilipoletwa aliukunja, akauweka mfukoni.