Stika za sensa mwilini: jeli ikikauka, usiamini namba

Ndugu zetu wa Mbeya, Njombe na Makete, tangu watu waanze kuagiza mtandaoni hizi stika zenye sensa, yaani kifaa kidogo cha kuhisi kinachobandikwa kwenye ngozi, za kupima mapigo ya moyo na mijongeo ya viungo, malalamiko tunayoletewa yanafanana, siku ya kwanza inapima vizuri halafu inaanza kutoa namba za ajabu. Mtu kutaka kujua afya yake ni jambo jema, hatumzuii.

Ile jeli laini inayovutika chini ya stika ni haidrojeli, yaani nyuzi za polima (molekuli ndefu kama minyororo) zilizoshika maji mengi, na kwenye maji hayo kuna chumvi. Ioni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, ndo zinapitisha umeme. Stika ikiwa gotini, ukikunja goti jeli inavutika, inarefuka na kuwa nyembamba, umeme unapita kwa shida zaidi, sensa inasoma kwamba umekunja goti. Sasa ikikauka umeme nao unapita kwa shida, na kifaa hakijui tofauti, kinakuandikia goti limekunjwa na wewe umelala. Upepo wa Juni na Julai huku kwetu unapasua midomo, hiyo jeli uliyoiacha wazi dirishani itaponaje? Zipo zilizochanganywa glisirini ili maji yasitoke haraka na zisigande mapema kwenye baridi, inasaidia ila haimalizi tatizo.

Tumesema sana hili jamani, msipake mate wala mafuta ya nazi ili stika ishike tena. Mafuta hayapitishi umeme! Na ya kutumia mara moja ni mara moja, usimbandike mwingine hata kama ni mwanao. Ngozi ikiwasha, bandua. Na saa au pete inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha watu wasiitegemee.

Kwa wanaoagiza ili wauze, kifaa tiba kinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, kinapangwa daraja A mpaka D kulingana na hatari yake, kisha kuna usajili wa kifaa, usajili wa eneo la biashara, na kibali cha kuingiza mzigo. Kusema "ni stika tu" sio utetezi, mzigo unaweza kuzuiwa na kesi ikafika mahakamani.

Ukija kulalamika njoo na pakiti yenyewe, bila namba ya toleo (batch) iliyoandikwa juu yake hatuna pa kuanzia kufuatilia.