Rangi ya mwaka na uso wako

Kila mwaka unapokaribia kwisha, Pantone, kampuni ya kuweka viwango vya rangi, hutangaza rangi ya mwaka unaofuata, na wenye maduka na washonaji wengi huikimbilia. Ya 2023 ilikuwa Viva Magenta, nyekundu kali inayoelekea zambarau. Ya 2024 ikawa Peach Fuzz, pichi nyepesi. 2025 ikafuata Mocha Mousse, kahawia laini. Watu huniuliza, "Hii inanifaa?" Swali hilo halijibiki mpaka tujue ni pichi ipi, kahawia ipi, na itavaliwa wapi mwilini.

Rangi yoyote ina sifa tatu, na mpangilio huu tumerithi kwa Albert Munsell, Mmarekani wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza ni rangi yenyewe: nyekundu, kijani, buluu. Pili ni uzito, yaani nyepesi, iliyo karibu na nyeupe, au nzito, iliyo karibu na nyeusi. Tatu ni ukali, yaani imekolea au imepooza. Mazungumzo mengi ya mitindo huishia kwenye joto na ubaridi, kama rangi imeegemea manjano au buluu. Hilo lina maana, ila kwa maoni yangu uzito na ukali ndivyo vinavyowaangusha watu wengi zaidi.

Anza na tofauti iliyopo usoni mwako. Piga picha kwenye mwanga wa mchana, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, kisha linganisha nywele, ngozi na weupe wa macho. Vikiachana sana, unabeba rangi kali na michanganyiko ya nzito na nyepesi. Vikikaribiana, rangi kali itaonekana kabla yako. Chukua iliyopooza kidogo.

Kipimo cha mishipa ya mkononi, kile cha kutazama kama ni ya kijani au buluu ili kujua ngozi ina joto au ubaridi, kiache. Kwenye ngozi nyeusi mishipa haionekani vizuri, na hata inapoonekana, kifundo cha mkono si uso. Kipimo cha kuaminika ni kitambaa chini ya kidevu. Osha uso, usipake chochote, vua hereni, funika nywele zilizotiwa rangi kwa kitambaa cheupe. Kaa ukielekea dirisha, jua lisikupige moja kwa moja, na uzime taa. Shika vitambaa viwili vya rangi moja, kwa mfano pichi inayoelekea chungwa na pichi inayoelekea waridi, kila kimoja kikifunika mabega yote mawili. Vibadilishe harakaharaka. Kimoja peke yake hakikuambii kitu, kwa sababu jicho huzoea.

Hapo ndipo wengi hukosea: wanatazama kitambaa. Tazama uso. Je, weusi chini ya macho umeongezeka? Mistari ya pembeni mwa mdomo imezama? Taya limechorwa vizuri au limemezwa na shingo? Simu nayo hudanganya, kwani kamera hurekebisha rangi yenyewe kila kitambaa kinapobadilika. Tumia kioo.

Mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kitambaa hurudisha mwanga wake juu, hasa chini ya kidevu, na satini hufanya hivyo kuliko pamba. Mahameli hunyonya mwanga, kwa hiyo rangi ileile huwa mpole zaidi. Halafu kuna jambo alilolieleza mkemia Mfaransa Chevreul mwaka 1839: rangi zikikaa jirani, kila moja huisukuma nyenzake upande wa kinyume chake. Ndiyo maana kijani kikali huamsha wekundu wa chunusi na wa pua.

Tukirudi kwenye rangi zile, Mocha Mousse ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inakaribiana na ngozi za watu wengi. Uzito wa nguo ukilingana na wa ngozi, mpaka kati ya shingo na nguo hupotea na mvaaji huonekana kafifia. Chagua kahawia iliyo nzito au nyepesi kuliko ngozi yako kwa kiasi kinachoonekana waziwazi ukiwa hatua tatu kutoka kwenye kioo, au tenganisha kwa kola ya krimu. Pichi yenye weupe mwingi inaweza kuifanya ngozi nyeusi ionekane imepauka, tafuta iliyokolea. Magenta huvaliwa vizuri na wenye tofauti kubwa usoni. Wengine waipeleke kwenye sketi.

Na hii ndiyo njia rahisi kuliko zote: chini ya kiuno, karibu kila rangi inaruhusiwa. Suruali, viatu na mkoba haviugusi uso. Kama ni blauzi na umeshainunua, shingo ya V huacha ngozi katikati, au funga skafu ya rangi inayokupendeza. Nguo ya maua yenye rangi ya msimu kwa sehemu ndogo tu nayo husaidia. Rangi ya mdomo yenye joto au ubaridi sawa na wa nguo hupunguza ugomvi, japo haiuondoi.

Dukani, usiamue chini ya taa. Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya balbu na kuachana nje. Omba kuipeleka nguo mlangoni, iweke chini ya kidevu, utazame kwenye kioo cha mkononi kabla ya kulipa. Na ukianza kuota mvi, au ukibadilisha rangi ya nywele, rudia kipimo chote, maana tofauti ya usoni imeshabadilika.