Chumba cha injini huanza na tambara

Msimu wa korosho, meli zikianza kutia nanga Mtwara, vijana hutujia sisi wakufunzi na swali lile lile: "Mwalimu, nikiingia chumba cha injini naanza na kazi gani?" Jibu huwanyong'onyesha. Unaanza na tambara.

Msafishaji ndiye wa chini kabisa kule chini. Anapiga deki, anafuta oili, anazoa tope la ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya meli maji machafu yanakokusanyika, anamshikia fundi spana. Joto linaweza kupita nyuzi 40, na kelele huwafanya watu waongee kwa mikono.

Lakini litazame vizuri hilo tambara. Umefuta maungio ya bomba la dizeli, ukapita tena baada ya nusu saa, pamelowa. Usifute ukaondoka. Muite mhandisi wa zamu, maana bomba lile lina mgandamizo; likipasuka na kurusha mafuta kwenye ekzosi, moto huo. Nalo tambara likishalowa, tupa kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Rundo la matambara ya mafuta huweza kujiwasha lenyewe, bila kiberiti.

Maji ya ngama nayo hayamwagwi hivi hivi. Hupitishwa kwenye mtambo wa kuchuja, na yanayotoka yasizidi sehemu 15 za mafuta katika milioni. Mvuvi wa Msangamkuu hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kabla ya kupanda meli unahitaji cheti cha afya na mafunzo ya msingi: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama kazini. Chuo cha Bahari Dar es Salaam huyatoa. Kushika zamu ya injini ni hatua nyingine: mkataba wa kimataifa wa STCW, unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, unataka miezi sita ya kazi baharini, au mafunzo maalumu pamoja na angalau miezi miwili baharini.

Wapenzi wa treni, kazi ya tambara ipo hata kwenye injini za reli, ila reli yetu ya Nachingwea iling'olewa zamani, kwa hiyo mtafunga safari. Mkumbuke pia kwamba vichwa vya treni za reli mpya ya SGR ni vya umeme. Oili na dizeli mtazikuta TAZARA na kwenye reli ya zamani.

Sasa madalali. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti unaweza kujilipia. Viza ni ya mwenye meli. Mtu akikudai laki kadhaa "za kukuingiza melini", mwombe jina la meli na mkataba ulioandikwa, kisha uone kama kesho yake atapokea simu.