Elimu kwa umma: Saa ya mapumziko si saa ya kuchungulia simu ya kazi

Malalamiko ya saa za kazi yanayofika mezani kwetu yanafanana: "Nimechoka, lakini nikitulia kidogo nitaitwa mvivu." Ndiyo maana watu wanakula wali huku wakipokea simu za bosi, na jioni mwili uko nyumbani, akili imebaki kazini.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, kinampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi muda huo iwapo tu kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya. Kwa kawaida muda huo haulipwi. Lakini ukitakiwa kufanya kazi, au kukaa tayari kuitwa, unalipwa. Narudia: hata kukaa tayari. Mlinzi anayekula huku jicho liko getini hajapumzika.

Zipo pia saa 24 za mapumziko ya wiki. Ukikubali kuzifanyia kazi, malipo yawe mara mbili.

Mkishindwa kuelewana na mwajiri, jaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), mpe mwajiri nakala, tunza uthibitisho kwamba ameipokea, kisha wasilisha Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Kwa kuachishwa kazi ni siku 30. Ukichelewa, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda, ukieleza sababu za msingi. "Nilitingwa" si sababu.

Wapo waliopewa saa yao kamili wakaimalizia kwenye kundi la WhatsApp la kazini, na hakuna aliyewaita. Hapo mwajiri hana kosa. Weka simu mfukoni, kaa kivulini. Wa kuswali aswali, wa kunyamaza anyamaze.

Wasimamizi nao, mfanyakazi aliyekaa kimya kwenye benchi saa 7 mchana hajategea. Mkimwita "mara moja tu", andikeni muda huo kwenye malipo yake.